Funza Kwenye Pipa la Mboji: Yupi wa Kuachwa na Yupi wa Kuondolewa

Kadiri watu wengi zaidi jijini Dar es Salaam wanavyoanza kutenga taka za jikoni ili watengeneze mboji nyumbani, ama kwa ajili ya mchicha wa kwenye viroba, ama kwa kupunguza ule mzigo unaosubiri gari la taka ambalo siku yake haitabiriki, kuna jambo moja linalowakatisha tamaa karibu wote mwanzoni. Mtu anafunua ndoo yake baada ya wiki mbili au tatu na, badala ya kukuta udongo mweusi aliosimuliwa, anakuta funza wamejaa, wanene, wanasukumana chini ya maganda ya ndizi. Wengi humwaga mafuta ya taa au dawa ya wadudu papo hapo, wengine huitupa ndoo nzima pamoja na vilivyomo. Wakati huohuo, miongoni mwa wafugaji wa kuku, funza wa namna hiyohiyo wananunuliwa kwa kilo na mayai yao yanapimwa kwa gramu, na matangazo yanayozunguka kwenye simu yanawaahidi watu faida kubwa kwa muda mfupi. Si ajabu basi kwamba watu wamechanganyikiwa, kwa kuwa kiumbe yuleyule anaambiwa ni uchafu asubuhi na mtaji jioni.

Jibu linategemea mambo mawili: funza aliyemo ni wa nzi gani, na pipa lenyewe liko katika hali gani. Mtu akiyajua hayo mawili, sehemu kubwa ya hofu inaondoka, na ile inayobaki inabaki mahali pake panapostahili.

Mboji ni mabaki ya mimea na vyakula yaliyoozeshwa kwa utaratibu, penye hewa na unyevu wa kiasi, mpaka yakawa kitu cheusi chepesi kinachorutubisha udongo. Buu, ambaye watu wengi humwita funza, ni mtoto wa nzi. Kila nzi hupitia hatua nne katika maisha yake: yai, buu, bundo, ambayo ni hatua ya kujifungia ndani ya ganda bila kula, na hatimaye nzi mwenye mabawa. Kwa kuwa jina la funza hutumika pia kwa mdudu anayeingia kwenye vidole vya miguu, ni vizuri ijulikane mapema kwamba huyo wa miguuni, aitwaye pia tekenya, ni jamii ya kiroboto, anapenda vumbi na mchanga mkavu, wala hana uhusiano wowote na ndoo ya mboji.

Kati ya nzi wengi wanaovutwa na harufu ya vitu vinavyooza, mmoja ndiye anayestahili kukaribishwa. Kitaalamu anaitwa Hermetia illucens, jina alilopewa na Linnaeus, mtaalamu wa viumbe wa Sweden, mwaka 1758, na kwa Kiswahili hutajwa kama nzi askari mweusi. Katika matangazo ya biashara huandikwa kwa herufi tatu, BSF, kifupi cha jina lake la Kiingereza, black soldier fly. Asili yake ni bara la Amerika, lakini leo ameenea karibu nchi zote za joto, na mazingira ya pwani yetu yanamfaa sana. Ni mweusi, mwembamba, ana urefu wa sentimita moja na nusu hadi mbili, na kwa mbali mtu anaweza kudhani ni nyigu. Tofauti ni kwamba nyigu ana mabawa manne na mwiba, ilhali huyu ana mabawa mawili tu na hana mwiba wala meno ya kuuma. Ukimtazama kwa karibu utaona ncha za miguu yake ni nyeupe, na kiunoni ana madoa mawili yanayopitisha mwanga kama vioo vidogo.

Jambo kubwa kuliko yote kumhusu nzi huyu ni kwamba akishapata mabawa hahitaji kutafuta chakula. Anaishi kwa mafuta aliyojiwekea alipokuwa buu, anakunywa maji akiyapata, anatafuta mwenzake, na baada ya wiki moja au mbili hivi maisha yake yamekwisha. Hatui kwenye wali wala kwenye kikombe cha chai, kwa sababu hana haja navyo. Hata mayai yake, ambayo kwa jike mmoja hufika mia kadhaa, hayatagi juu ya uozo wenyewe. Huyapenyeza kwenye ufa mkavu ulio jirani, kwa mfano chini ya ukingo wa mfuniko au kati ya tabaka za katoni. Katika joto la kawaida la Dar es Salaam mayai huanguliwa baada ya siku nne hivi, na vifunza vidogo kuliko chembe ya mchele hushuka wenyewe kwenye chakula. Wakipata riziki ya kutosha, hula kwa muda wa wiki mbili hadi tatu hivi, wanafikia urefu wa zaidi ya sentimita mbili, kisha rangi yao inakuwa ya kahawia iliyokolea au nyeusi, wanaacha kula, na kwa hiari yao wanapanda kuta za pipa wakitafuta mahali pakavu penye giza pa kujifungia.

Nzi wa nyumbani ni habari nyingine kabisa. Yeye hutaga moja kwa moja juu ya kilichooza au juu ya kinyesi, akiwa nzi kamili anaendelea kula kila siku, na anakula kwa kutema mate juu ya chakula ili kilainike kabla hajakifyonza. Kwa kuwa anatoka chooni anaenda mezani, na kutoka mezani anarudi jalalani, miguu na mdomo wake hubeba vijidudu vya kuhara, vya homa ya matumbo na hata vya kipindupindu. Jiji hili linakijua kipindupindu, hasa mvua zinapofurisha mashimo ya vyoo, na hofu ambayo mama mwenye nyumba anayo juu ya nzi si ushamba hata kidogo. Anayewaambia majirani kwamba funza wote ni salama anawapotosha, na anawanyima haki yao ya kulalamika pale panapostahili malalamiko.

Basi namna ya kuwatofautisha ni hii. Chukua funza mmoja kwa kijiti umweke juu ya sahani nyeupe, mahali penye mwanga. Wa nzi wa nyumbani ni laini, mweupe wa maziwa, mwili wake umechongoka upande mmoja na kukatika ghafla upande wa pili, na kichwa hakionekani kabisa. Wa nzi askari mweusi ni bapa, ngozi yake ni ngumu kidogo na imegawanyika katika pingili zinazohesabika, kando ana vinyweleo vifupi, na mbele ana kichwa kidogo kilichochongoka ambacho kinaonekana wazi kikipekua huku na huku. Rangi yake ni ya kijivu au ya kahawia hafifu, na akikomaa huwa mweusi. Wote wawili hukimbia mwanga, kwa hiyo kukimbia si alama ya kumtambulia yeyote kati yao. Ukubwa nao haudanganyi sana, kwa kuwa buu wa nzi wa nyumbani hafiki hata sentimita moja na nusu, wakati huyu mwingine anaweza kukaribia urefu wa pingili moja ya kidole.

Watafiti wa Marekani waliokuwa wakichunguza mbolea ya mabanda ya kuku waliona, tangu miaka ya 1950, kwamba pale nzi askari mweusi anapokuwepo kwa wingi, nzi wa nyumbani hupungua sana. Sababu ni kwamba funza wake hukikoroga na kukila chakula kwa kasi kiasi kwamba wengine hawapati nafasi, na majike wa nzi wa nyumbani huelekea kukwepa kutaga mahali palipokwisha kushikwa. Lakini hilo halitokei siku ya kwanza. Katika pipa jipya nzi wa nyumbani ndiye anayetangulia, kwa sababu mzunguko wake ni mfupi, na kama taka zimeachwa wazi, wiki za mwanzo anaweza kuzaana hapo bila kizuizi. Dawa yake ni kufunika: kila unapotia mabaki ya jikoni, yafunike mara moja kwa tabaka la maranda ya mbao, majani makavu au karatasi zilizochanwa, lenye unene wa vidole vitatu au vinne. Maranda hayana shida kupatikana katika jiji hili. Mafundi seremala wa Keko na wa mitaa mingine wanayo magunia kwa magunia.

Ndani ya pipa lenyewe, mboji ya kawaida ni kazi ya bakteria na kuvu, ambao hufanya kazi polepole kwa miezi. Funza wakiingia, wao hutangulia kwa kutafuna na kulainisha, na bakteria hufuata nyuma yao. Kadiri wanavyosongamana ndivyo wanavyopashana joto, kama abiria waliobanana ndani ya daladala iliyokwama kwenye foleni ya mchana, na ndiyo maana ukiingiza mkono katikati ya kundi lao utahisi vuguvugu. Joto linalowafaa zaidi ni kati ya nyuzi 27 na 30 za Selsiasi, ambalo kwa Dar es Salaam ni hali ya kivuli kwa sehemu kubwa ya mwaka. Pipa likiachwa juani, ndani hupita kiwango hicho kwa urahisi, na funza wakizidiwa huanza kutoroka. Wakiwa katika hali nzuri, funza hupunguza uzito wa taka za jikoni kwa nusu hadi hata asilimia 80, kwa muda wa wiki chache tu. Kwa familia hii ina maana kwamba ndoo ya lita 20, ambayo ingejaa ikatupwa, inaweza kupokea maganda ya wiki kadhaa kabla ya kuhitaji kutolewa.

Kwa jiji lenye watu 5,383,728, kwa hesabu ya Sensa ya mwaka 2022, jambo hili si dogo. Zaidi ya nusu ya taka za Dar es Salaam ni vitu vinavyooza: maganda ya ndizi na mihogo, mabaki ya mboga za masoko kama Ilala na Mabibo, machicha ya nazi, viporo. Vitu hivyo ndivyo vyenye maji mengi, ndivyo vizito, na ndivyo vinavyonuka vikikaa. Vikichanganywa na plastiki na kusafirishwa hadi dampo la Pugu Kinyamwezi, vinafukiwa pasipo hewa na kutoa gesi ya methani, ambayo huchangia ongezeko la joto duniani kwa nguvu kubwa kuliko hewa ya ukaa. Sidhani kwamba ndoo za majumbani peke yake zitamaliza tatizo la taka za jiji. Masoko, hoteli na mama lishe ndiko kwenye wingi wa mabaki. Lakini anayeelewa kinachotendeka ndani ya ndoo yake hatashangaa wala kupinga mradi mkubwa wa aina hiyo ukija mtaani kwake, na atajua maswali ya kuuliza.

Harufu ndiyo inayoleta ugomvi wa majirani, na hapa ukweli ni kwamba funza hawaleti uvundo. Uvundo unaletwa na maji yaliyotuama. Pale ambapo hewa haipiti, bakteria wa aina nyingine huchukua nafasi na ndipo ndoo inapoanza kunuka yai bovu. Toboa matundu chini ya ndoo, weka chombo cha kukinga maji yanayochuruzika, na tandika chini kabisa makumbi ya nazi ili pasizibe. Kupima unyevu, chukua konzi ya mchanganyiko uuminye kiganjani: yakitoka matone mawili matatu, hali ni nzuri, yakichirizika, ongeza maranda na ukoroge, usipopata hata unyevu, nyunyiza maji. Wakati wa masika jambo hili lataka uangalizi wa kila siku, kwa sababu pipa likiingia mvua, funza hupanda kuta zilizolowa kwa urahisi na asubuhi utawakuta wametapakaa kibarazani. Hapo mtu husema wamezidi, kumbe wanakimbia kuzama.

Kuhusu chakula chao, karibu kila kilicho laini wanakila: maganda ya papai, ukoko wa ugali, mchicha ulionyauka, machicha ya nazi, maembe yaliyooza. Mifupa, makumbi, kokwa za maembe na maganda ya mayai watayaacha vilevile. Vichwa vya samaki na utumbo wanaweza kuvimaliza, ila kwa ndoo ya nyumbani isiyo na funza wengi bado, nashauri visitiwe, kwa kuwa harufu yake itawafikia majirani, panya na paka kabla funza hawajavigusa. Chumvi nyingi na mafuta mengi ya kukaangia pia si vyema. Adui wao mkubwa katika mazingira yetu ni sisimizi na siafu, na njia rahisi ni kuisimamisha ndoo juu ya matofali yaliyowekwa ndani ya karai lenye maji.

Zipo imani kadhaa zinazorudi kila mara. Ya kwanza ni kwamba funza hawa huingia mwilini. Watu wa pwani wana sababu ya kuogopa, kwa kuwa yupo nzi ambaye buu wake kweli hupenya kwenye ngozi na kuota kama jipu. Huyo hutaga kwenye mchanga wa kivulini na kwenye nguo zilizoanikwa zikiwa na unyevu, na ndiyo asili ya ile desturi nzuri ya kupiga pasi hata nguo za ndani na nepi za mtoto. Lakini huyo ni wa jamii nyingine kabisa, na buu wa nzi askari mweusi hana kawaida ya kutoboa ngozi. Matukio machache yaliyowahi kuandikwa na madaktari karibu yote yanahusu watu waliommeza kwa bahati mbaya pamoja na chakula kilichochafuka, na kinga yake ni ileile ya siku zote: kuosha matunda, kufunika chakula, na kunawa mikono kwa sabuni baada ya kushika pipa.

Ya pili ni kwamba wataijaza nyumba. Funza mweusi anayekutwa akitambaa sakafuni jikoni hatafuti chakula wala mtu; amekwisha kuacha kula na anatafuta ufa mkavu. Ukimwekea njia, kwa mfano ubao ulioinama kutoka ndani ya pipa hadi kwenye kopo lenye maranda makavu, atajipeleka huko mwenyewe usiku, na asubuhi utamkuta na wenzake. Ya tatu ni kwamba watakula mizizi ya mboga pindi mboji ikitiwa bustanini. Hawali mmea ulio hai. Waharibifu wa mizizi ni mabuu wa wadudu wengine, hasa wale weupe waliojikunja wa jamii ya mbawakawa. Ya nne, ambayo inawagharimu watu fedha, ni kwamba lazima kununua mayai ya kuanzia. Mwenye mradi mkubwa anayahitaji, kwa sababu anataka uhakika wa idadi kila siku. Kwa ndoo ya nyumbani jijini Dar es Salaam, nzi huja wenyewe kwa kufuata harufu. Weka vipande vya katoni vyenye mikunjo juu ya taka, pasipolowa, na usubiri.

Habari ya kulisha kuku inahitaji uangalifu zaidi ya inavyosemwa kwenye matangazo. Ni kweli kwamba funza hawa wakikaushwa huwa na protini ya takriban asilimia 40 na mafuta mengi, na kwa hiyo wanaweza kuchukua sehemu ya nafasi ya dagaa na soya. Ni sehemu tu: kuku bado anahitaji nafaka, madini na vitamini, na ndoo moja ya nyumbani hutoa konzi kadhaa za funza, zinazowatosha kuku wachache wa kienyeji kama kitoweo. Lakini swali la msingi ni funza mwenyewe alikula nini. Mwili wake hukusanya baadhi ya metali nzito zenye sumu, hasa kadimiamu, na anayelishwa taka zilizochanganyika na betri, rangi au masalia ya viwandani atazihamishia kwa kuku na hatimaye kwa mlaji. Kwa sababu kama hizo Umoja wa Ulaya, ulioruhusu protini ya wadudu katika chakula cha samaki wa kufugwa mwaka 2017 na katika chakula cha kuku na nguruwe mwaka 2021, umeendelea kukataza wadudu hao wasilishwe kinyesi wala mabaki ya mezani.

Vilevile, isemwe wazi kwamba funza hawasafishi kila kitu. Tafiti zimeonyesha kuwa wanapunguza bakteria kama salmonela katika kinyesi wanachokila, lakini mayai ya minyoo ya tumbo yanabaki hai. Kwa hiyo nepi, kinyesi cha mbwa na cha paka, na mizoga visitiwe kwenye ndoo ambayo mbolea yake itatumika kwenye mboga. Na anayetaka kuwapa kuku funza wake awachovye kwanza kwenye maji yanayochemka kwa dakika chache, kisha awaanike juani wakauke kabisa; wakikauka nusu wataota ukungu, na ukungu ni hatari kwa kuku kuliko funza wabichi.

Kinachobaki chini ya ndoo baada ya funza kuhama ni chembechembe nyeusi zenye harufu kali kidogo. Watu wengi huzichota zikiwa mbichi na kuzitia kwenye viroba vya mchicha, kisha miche ikiungua wanasema mboji ya funza ni sumu. Mabaki hayo bado yana amonia na bado yanaendelea kuoza, hivyo yanahitaji kukaa kivulini kwa mwezi mmoja hadi miwili, yakiwa na unyevu kidogo na yakigeuzwa mara moja kwa wiki, mpaka ile harufu ya kuchoma pua iishe na ibaki harufu ya udongo. Kabla ya kuyatumia, jaza kopo moja kwa mchanganyiko wa sehemu moja ya mboji hiyo na sehemu tatu za udongo, panda mbegu za mchicha kidogo, na jaza kopo la pili kwa udongo mtupu ulinganishe. Zikiota sawasawa katika makopo yote mawili, mboji imekomaa; zikichelewa au majani yakiungua kwenye kopo la kwanza, irudishe kivulini ikae wiki nyingine mbili au tatu, kisha upime tena.